Mdudu Aliyeleta Mabomu ya Machozi Kamachumu

Mwaka 1953 polisi wa serikali ya kikoloni walirusha mabomu ya machozi kwenye mkutano wa hadhara Kamachumu. Chanzo hakikuwa kodi ya kichwa wala mshahara. Chanzo kilikuwa mdudu mweusi, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, anayekaa kwenye shina la mgomba.

Ndugu msomaji, najua ukisikia Kamachumu unakumbuka senene, kahawa na ndizi. Labda ukiwa na rafiki Mhaya umeshasikia majigambo yetu pia (tuache utani, yapo). Lakini leo nataka tuzungumze kuhusu wadudu, dawa za mimea na serikali. Mimi ni mwandishi wa habari, si bwana shamba. Kwetu ni huko huko juu Ihangiro, wilayani Muleba, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali moja: mdudu anapovamia shamba, nani anaulizwa kwanza? Mwenye shamba, au mwenye bomba la dawa?

Kwanza tumfahamu mhusika. Wataalamu wanamwita Cosmopolites sordidus, na kwa Kiswahili cha mabwana shamba ni fukusi wa migomba. Mkubwa wake haharibu sana. Tatizo ni watoto. Jike hutaga mayai chini kwenye shina, karibu na udongo, funza wakaanguliwa na kuanza kutoboa tunguu la mgomba wakiendelea kula kwa ndani. Kwa nje unaona majani yamefifia na mikungu imekuwa midogo. Siku ya upepo mgomba unaanguka na mkungu wake kabla haujakomaa. Fukusi huyu ni mvivu wa kuruka, anatembea tu, na usiku ndio wakati wake. Akienda mbali, mara nyingi ni kwa sababu binadamu amembeba ndani ya chipukizi aliloomba kwa jirani ili apande kwake. Kwa maneno mengine, undugu na ujirani wetu ndio usafiri wake.

Sasa kwa Mhaya mgomba hauko shambani, uko nyumbani. Kibanja ndicho kinachozunguka nyumba: migomba, mibuni chini yake, maharage katikati, na nje ya hapo unakutana na rweya, yaani nyika ya majani. Kibanja kinatoa chakula cha kila siku, kinatoa ndizi za pombe ya ukoo, kinatoa majani ya kufunikia chakula na ya kutandaza ardhini. Na wazee wanazikwa humo humo. Mtu anayekwambia ung'oe migomba ya kibanja chako anagusa tumbo lako na makaburi yako kwa wakati mmoja. Ukiyaelewa hayo, utaelewa mabomu ya machozi yalitokea wapi.

Serikali ya Waingereza ilikuwa na mazoea ya kufundisha kilimo kwa amri. Bukoba ilikuwa imeshaonja dawa hiyo kabla. Mwaka 1937 kanuni za kilimo cha kahawa zilileta ghasia wilayani. Wakulima waliona kwamba mtu asiyekula jasho lao anataka kuwapangia mibuni yao, na kulikuwa na chama cha wakulima wenyeji kilichobeba malalamiko hayo. Somo halikueleweka. Fukusi alipoonekana kuwa tishio kwa migomba, serikali ilirudi na njia ile ile: kanuni, wakaguzi na adhabu. Migomba iliyoshambuliwa ikatwe na kung'olewa, apende mwenye kibanja asipende.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Ali Migeyo, kiongozi wa Tanganyika African Association, chama ambacho mwaka 1954 kilizaa TANU. Migeyo alilibeba suala la migomba kama suala la siasa, na alikuwa sahihi, maana lilikuwa la siasa. Mkutano wa Kamachumu ulitawanywa kwa mabomu ya machozi, na yeye akaishia gerezani. Gavana wakati huo alikuwa Edward Twining. Mwaka 1969 maisha ya Migeyo yaliandikwa kitabu na G. R. Mutahaba, kwa hiyo mtu asije akasema hizi ni hadithi za vijiweni. Tunapohesabu watu waliopigania uhuru tunakumbuka sana mikutano ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Uwanda wa Kamachumu nao una fungu lake, na fungu hilo lilianzia kwenye tunguu la mgomba.

Naomba hapa tuwe wakweli, kwa sababu ni rahisi sana kuandika historia ya wakoloni wabaya na wakulima wema halafu tukaenda kulala. Ushauri wa serikali ulikuwa na ukweli ndani yake. Kuondoa visiki vilivyooza, kukatakata magogo ya migomba iliyovunwa ili fukusi wasipate pa kuzaliana, kupanda machipukizi safi: hayo yote hata leo mtaalamu wa migomba atakuambia uyafanye. Mtego wa zamani kabisa wa fukusi ni kipande cha gogo la mgomba kilichopasuliwa na kulazwa chini. Fukusi wanakifuata usiku, asubuhi unawaokota. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye usafi wa shamba. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyekaa na mwenye kibanja akamuuliza anajua nini, ameshajaribu nini, na mgomba huu ukikatwa leo watoto watakula nini kesho. Elimu ikija imevaa kofia ya polisi, mtu anakimbia elimu pamoja na polisi.

Baada ya amri ikaja poda. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa miaka ya maajabu ya kemikali. DDT ilikuwa imeonyesha nguvu zake, na ndugu zake wa ukoo mmoja wakafuata, akiwemo dieldrin. Kwa fukusi wa migomba dieldrin ilikuwa kama muujiza: unanyunyizia shinani kidogo, inakaa kwenye udongo muda mrefu, na fukusi anayetembea juu yake anakufa. Hakuna kuokota wadudu asubuhi wala kugombana na wakaguzi. Afrika Mashariki ikaipokea.

Ila kile kilichoifanya ipendwe, yaani kukaa muda mrefu, ndicho kilichoiponza. Dawa isiyooza udongoni haioza pia kwenye mafuta ya samaki, ya kuku na ya mwanadamu. Na mdudu naye si mjinga. Wale wachache wanaostahimili sumu ndio wanaobaki kuzaa, na watoto wao wanairithi hali hiyo. Ng'ambo ya mpaka wetu, wilaya ya Masaka nchini Uganda, watafiti walipima fukusi waliokuwa wakishukiwa kuizoea dawa na kuchapisha matokeo mwaka 1999: dieldrin ilikuwa haiwatishi tena kama zamani. Mwaka 2001 dieldrin iliwekwa katika orodha ya kwanza ya kemikali 12 za Mkataba wa Stockholm, zile ambazo dunia ilikubaliana kuachana nazo. Mkataba ukaanza kutumika mwaka 2004. Ndivyo muujiza ulivyoisha.

Sasa basi, turudi kwa yule ambaye hakuulizwa. Mkulima wa ukanda wa Ziwa Victoria alikuwa na nini mkononi kabla ya poda? Alikuwa na majivu ya jikoni. Alikuwa na mkojo wa ng'ombe uliochachushwa. Alikuwa na tumbaku na pilipili. Na alikuwa na utupa.

Utupa nadhani wengi mnaujua kwa jina, hasa mliokulia karibu na maji. Ni mmea wa jamii ya kunde, Tephrosia vogelii, wenye maua meupe au ya zambarau na majani kama ya manyoya. Ukiyaponda majani yake na kuyatia kwenye maji yaliyotulia, samaki wanalewa na kuelea. Uvuvi huo umekatazwa kisheria, na ni haki, kwa sababu sumu haichagui kati ya sato mkubwa na kifaranga chake. Lakini mtu aliyeona samaki wakielea hakuhitaji shahada ili awaze: kama unaua samaki, je, mdudu? Majani yaliyotwangwa na kulowekwa yakawa dawa ya kunyunyizia mazao na ya kuwaogesha wanyama wenye kupe. Kilichomo ndani ni rotenoni na ndugu zake. Rotenoni inamzuia mdudu kutumia hewa anayoivuta kutengeneza nguvu. Anapumua, lakini ni kama hapumui.

Kuna mmea mwingine ambao umewahi kulitikisa bara zima, na unakua katika ukanda wetu pia. Wanyankole, majirani ambao lugha yao inakaribiana na Kihaya, wanauita omuhoko. Waganda wanauita oluwoko. Kisayansi ni Phytolacca dodecandra, na Waethiopia wanauita endod. Wao walikuwa wakiziponda tunda zake na kufulia nguo, maana zinatoa povu kama sabuni. Mwaka 1964 daktari kijana wa Kiethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, akichunguza kichocho. Kichocho, kama tunavyojua sisi watu wa ziwani, kinapitia kwa konokono wa majini. Lemma akaona jambo dogo: mahali wanawake walipokuwa wakifua kwa endod, upande wa chini wa kijito kulikuwa na konokono wengi waliokufa, kuliko sehemu nyingine.

Angeweza kupita tu. Badala yake alisimama akawauliza wanawake, akachukua konokono wazima, akaomba povu la endod litiwe, na konokono wakafa. Kilichofuata ni miaka mingi ya maabara. Sumu iliyomo, aina ya saponini, ilikuja kuitwa lemmatoksini kwa heshima yake. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya Right Livelihood, ile inayoitwa Nobel mbadala. Baadaye kidogo, huko Toledo, Marekani, ilionekana kwamba endod inaua pia kome wa pundamilia, wale wanaoziba mabomba ya maji ya Maziwa Makuu ya Amerika. Chuo kikuu cha huko kikachukua hataza. Wanawake wa Adwa waliokuwa wakifua kijitoni hawamo kwenye hataza hiyo. Nawaacheni mtafakari.

Nimemleta Lemma katika habari za Kamachumu kwa sababu ya tofauti moja tu. Mwaka 1953, kwetu, mtaalamu alikuja na jibu. Mwaka 1964, Adwa, mtaalamu alikuja na swali. Wote wawili walikuwa na sayansi. Mmoja alipata ghasia, mwingine akapata ugunduzi.

Na msidhani konokono ni habari ya kichocho peke yake. Mwaka 2020 Kenya ilithibitisha kuwepo kwa konokono mgeni kutoka Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea, ghala la mpunga la nchi hiyo. Anakula miche michanga ya mpunga na kutaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mashina. Barani Asia, ambako ameshasumbua kwa miongo mingi, wakulima wamekuwa wakitumia mashudu ya mbegu za chai, ambayo nayo yana saponini kama endod. Yanaua konokono, ndiyo. Yanaua na samaki waliomo shambani. Kagera nayo ina mabonde yenye maji na watu wanaolima mpunga, na konokono haombi viza. Ni vizuri kujiandaa tukiwa bado na nafasi ya kuuliza maswali.

Nasikia mtu anasema: kumbe dawa za asili ndizo suluhisho, tutupe madawa ya viwandani yote! Taratibu, ndugu yangu. Neno "asili" halina maana ya "salama". Rotenoni hiyo hiyo ya utupa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, ilisababisha kwa panya dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, na Umoja wa Ulaya ukaacha kuiruhusu kama dawa ya kilimo. Unapotwanga utupa unatwanga sumu. Funika pua na mdomo, nawa mikono, na usimwage masalia kijitoni.

Kuna jambo la pili ambalo wazee wasingeweza kulijua kwa macho. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza utupa waligundua kwamba iko aina mbili zinazofanana kabisa kwa sura. Moja ina rotenoni na wenzake, nyingine haina, na hiyo nyingine haiui wadudu. Kwa hiyo jirani wawili wanaweza kutwanga majani yanayofanana, mmoja akafanikiwa na mwingine akasema ni uzushi, na wote wakawa wakweli. Hapo ndipo maabara inapomhitaji mkulima na mkulima anapoihitaji maabara.

Habari njema ni kwamba watu wameanza kufanya hivyo. Kwa fukusi wetu wa migomba, watafiti wa kituo cha icipe, Kenya, walijaribu mwarobaini. Unga wa mbegu zake au mashudu, gramu 60 hadi 100 kwa kila shina, kila baada ya miezi minne, ulipunguza madhara ya fukusi na ya minyoo ya mizizi. Harufu inamkera jike asitage, na funza wanaoanguliwa hawakui vizuri. Huko Arusha, watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela walichapisha mwaka 2017 majaribio ya maharage yaliyonyunyiziwa maji ya mimea ya kawaida, utupa ukiwemo, iliyolowekwa kwa maji na sabuni kidogo. Mavuno yalikaribiana na ya dawa ya kiwandani, na wadudu marafiki, kama buibui na wadudukibibi, walisalimika zaidi. Unaona? Ni majani yale yale. Kilichoongezeka ni vipimo, kipimo cha maji na ujasiri wa kulinganisha.

Lakini nina wasiwasi mmoja, na ndio uliyonifanya niandike. Ujuzi wa mimea haukuandikwa vitabuni. Ulikuwa vichwani mwa watu na ulifundishwa kibanjani, mtoto akimfuata bibi nyuma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walipatikana katika Hospitali ya Ndolage, hapo hapo Kamachumu. Miaka iliyofuata Kagera ilizika watu wa umri wa kufanya kazi na kufundisha. Vibanja vikabaki kwa wazee na watoto. Kipindi hicho hicho migomba ilikuwa inadhoofika kwa fukusi, minyoo ya mizizi na udongo uliokosa samadi. Watu huhesabu vifo na mavuno. Hakuna aliyehesabu majina ya mimea yaliyozikwa pamoja na wenye nayo. Rika langu tunajua majina ya wachezaji wa Arsenal hadi benchi, lakini ukituonyesha utupa njiani tunapita.

Halafu mwaka 2006 ikaja mnyauko wa bakteria, na ilianza kuonekana nchini katika wilaya yetu ya Muleba. Migomba inakuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina linatoa usaha. Hapa hakuna jani la kutwanga wala poda ya kununua. Tiba ni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma au kusafisha panga kabla ya kwenda mgomba mwingine, na kuondoa migomba inayougua. Soma tena hayo ya mwisho: kuondoa migomba. Ni karibu maneno yale yale ya mwaka 1953!

Tofauti ni namna yanavyosemwa. Mahali wanakijiji walipoitwa, wakaonyeshwa ugonjwa kwa kupasua shina mbele yao, wakakubaliana wenyewe kuanza pamoja ili mmoja asiwaambukize wengine, mgomba ulikatwa na aliyeupanda. Hakuhitaji polisi. Alilia, pengine, lakini alikata.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkienda likizo vijijini mwaka huu, fanyeni kazi moja ndogo. Mkute bibi au babu, iwe Kamachumu, Rungwe, Makete au Lushoto, muulize kabla ya dawa za dukani walikuwa wanatumia nini shambani: mmea gani, sehemu gani ya mmea, kiasi gani cha maji, kwa mdudu gani, na wapi ilishindwa. Hilo la mwisho lisisahaulike, maana ndilo wanasayansi watakaloanza nalo. Andika jina la mmea kwa kilugha, piga picha ya ua na jani, tarehe na mahali. Mzee Migeyo alienda jela kwa sababu watu hawakuulizwa. Sisi kuuliza hakutugharimu hata nauli ya daladala.